Jiwe Tulilolipaka Chokaa

Nilianza kutafuta mawe ya wapima ardhi kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Daktari aliniambia nitembee kila siku mpaka jasho linitoke, nami nikamjibu kwamba katekista aliyestaafu hana safari nyingi: kanisa liko mbele ya nyumba yangu na soko liko nyuma yake. Mpwa wangu, mama mtu mzima anayefanya kazi za kompyuta Bujumbura, aliposikia hayo alichukua simu yangu akaiwekea programu ya mchezo mmoja. Alinieleza kwamba duniani kote wapo watu wanaoficha vikopo vidogo porini na mijini, wakaandika namba za mahali hapo, na wengine wakaenda kuvitafuta kwa simu. Wapo pia, alisema, wasiojali vikopo. Hao hutafuta mawe ya zamani ya upimaji. Ukipata jiwe unalipiga picha, unaandika maneno mawili matatu, na jiwe linatokea kwenye ramani kama nukta ya kijani mbele ya yeyote atakayeifungua.

Nilifungua ramani ya mwambao wetu wa ziwa, kutoka Magara hadi Nyanza-Lac. Haikuwa na nukta hata moja.

Nakiri kwamba utupu ule ulinivuta. Niliishi miaka mingi uhamishoni Tanzania, na niliporudi Rumonge nilimkuta mtu mwingine katika shamba la baba yangu, amezeeka humo, amezika watoto wawili humo. Tuligawana bila kufikishana mahakamani, namshukuru Mungu, na mstari wa michikichi ukawa mpaka wetu. Tangu hapo ninakiheshimu kitu chochote ambacho bado kinakaa pale kilipowekwa.

Mwenzangu katika kazi hii alikuwa jirani yangu, Mwislamu wa mtaa wa Waswahili, fundi baiskeli. Ujanani alibeba mnyororo na fito za wapima ardhi, akipanda na kushuka vilima vyetu nyuma ya wazungu na baadaye nyuma ya Warundi. Kichwani mwake bado aliyaona mawe yote waliyoyamwagia saruji. Huku tunaliita jiwe la namna hiyo borne, kwa neno la Kifaransa. Tanzania niliwasikia wakisema bikoni. Kila Jumamosi, yeye akishaswali alfajiri na mimi nikishamaliza rozari yangu, tulishika njia.

"Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, "padri akikuona unatembea na mimi hivi kila juma, atakubatiza tena."

"Na imamu wako?"

"Yeye ataomba simu yako aone kama qibla iko sawa."

Jiwe la kwanza tulilipata kwenye mteremko wa Gatete, chini ya nyasi na shina la muhogo uliosahauliwa. Lilikuwa nguzo fupi ya saruji, na juu yake kisahani cha shaba kilichokuwa cheusi, upana wa mdomo wa kikombe, chenye msalaba mdogo katikati. Nilipiga magoti. Nililifuta kwa leso yangu mpaka msalaba ukaonekana, nikasema sala fupi, kwa maana nilifurahi kama mtu aliyekutana na mwanakijiji mwenzake ugenini. Kisha nikapiga picha, nikaandika: Limepatikana. Mungu ashukuriwe.

Nilidhani tumemaliza. Lakini mwenzangu alifungua kopo alilokuwa amelining'iniza kwenye usukani wa baiskeli yake. Lilikuwa na chokaa iliyokorogwa na burashi ya zamani. Alikata nyasi kuzunguka jiwe, akalipaka likawa jeupe pande zote nne.

"Ya nini hiyo?" nikamwuliza.

"Ndiyo kazi, mwalimu. Tukipata borne tunaisafisha na kuipaka, mwenye mashine ya kupima aione kutoka kilima kingine. Jiwe isiyoonekana iko sawa na jiwe haiko."

Mpwa wangu alikuwa amenionya kwamba katika mchezo ule kitu huachwa kama kilivyokutwa. Nilikumbuka, nikamwacha aendelee. Niliona jinsi mikono ya mzee yule ilivyofurahi kuifanya tena kazi yake ya zamani, na jiwe lilipendeza. Tulifundishwa tangu utoto kwamba kulisogeza jiwe la mpaka ni dhambi. Juu ya kulisafisha hakuna aliyetufundisha neno.

Kwa muda wa majuma machache tuliyapata mengine. La pili lilikuwa Magara, karibu na mahali wanawake wanapoanika ndagala, dagaa wetu, mchangani. La tatu lilikuwa ndani ya michikichi ya zamani. La nne tulilipata kusini ya mji, kati ya barabara na ziwa, nyuma ya nyumba ya mjane mmoja ninayemfahamu vizuri, kwa maana niliwafundisha watoto wake sala zote kabla hawajatawanyika. Yeye huchemsha sabuni ya mawese. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, na yeye na marehemu mume wake, mvuvi, waliijenga chumba kimoja kwa miaka kadhaa, kisha kingine. Jiwe lilikuwa hatua chache kupanda kutoka ukuta wake wa nyuma, kwa hiyo nyumba yote ilikuwa upande wa maji.

Alituletea maji ya kunywa. Alisimama akatazama burashi ikipita.

"Mwalimu, hii iko ya nini?"

"Ya zamani tu, mama. Ni mchezo wa wazee." Nikacheka. Mwenzangu naye akacheka.

Yeye hakucheka. Alichukua vikombe vyake akarudi ndani, na nilisikia akiweka komeo, ingawa ilikuwa saa nne ya asubuhi.

Ninaandika habari ya komeo leo. Siku ile niliisikia tu, nikaenda zangu kuandika nukta yangu ya kijani.

Jumamosi iliyofuata tulipita Magara kuonja matunda ya kazi yetu, maana wazee nao hupenda kutazama walichokifanya. Wanawake walikuwa wakigeuza ndagala kwa mikono na kupiga soga kwa sauti. Tulipowakaribia walinyamaza wote kwa mara moja. Nikawaamkia, "Amahoro, mama zangu." Waliitikia, lakini kwa midomo tu, na mmoja akavuta mkeka wake mbali na njia yetu kama mtu anayeondoa kitu kisikanyagwe. Tukaenda hadi kwenye jiwe. Palikuwa na shimo. Alama za jembe zilikuwa bado mbichi pembeni, na udongo umetapakaa chokaa.

Mwenzangu alichutama akatia mkono shimoni, akapima kina chake.

"Mutu mumoja hawezi," akasema. "Walikuwa watatu, ao wane."

Alifuta udongo mkononi, tukarudi mjini.

Jumapili, kwenye misa, nilikuta nafasi tupu kushoto na kulia kwangu kwenye benchi ambalo siku zote hubanana. Jumatatu mke wangu alifungua mlango akachote maji, akasimama. Kwenye ngazi ya nyumba yetu palikuwa na kipande cha saruji, kizito kama mtoto wa miaka mitatu, na kisahani cha shaba juu yake. Aliyekileta alikuwa amekiosha. Msalaba ulikuwa unang'aa. Hapakuwa na barua wala neno, na mbwa wa jirani hakuwa amebweka.

"Zawadi yako imefika," alisema mke wangu. Kisha akaketi kwenye kiti.

Mwenzangu ndiye aliyeleta maelezo, kutoka msikitini, kwa maana mimi watu walikuwa wameshaacha kuniambia kitu. Miaka hii ziwa limepanda. Limemeza michikichi ya ufukweni, limeingia katika nyumba za watu Rumonge na Nyanza-Lac, na pale nilipofundishia watoto sala nikiwa kijana leo panapita mitumbwi. Sheria inakataza kujenga karibu na maji, na kwa kuwa maji yamesogea, watu walikuwa wakinong'ona kwamba mpaka wa ziwa utapimwa upya na kila kilicho chini yake kitaondolewa. Kisha wakatokea wazee wawili, mmoja aliyewahi kuwa mtu wa upimaji, mwingine mrudi kutoka Tanzania ambaye warudi wenzake walimjua kwa kugawana shamba la baba yake. Wana simu, wanapiga picha, wanaacha mawe meupe nyuma yao. Wakiulizwa wanacheka.

"Banasema ukiunganisha mawe yetu na kamba," alisema mwenzangu, "ndiyo mustari. Juu inabaki, chini inakwenda."

"Na wewe umewaambia nini?"

"Nimewaambia ni mwalimu anatibu sukari." Alijaribu kutabasamu. "Bakanijibu, sukari gani inatibiwa na chokaa."

Nilisali sana siku zile. Niliomba uvumilivu, nikangoja maneno yapoe yenyewe kama yanavyopoa mengi. Hilo lilikuwa kosa langu la pili, na nililifanya nikidhani ni fadhila. Siku ya Alhamisi mama mmoja wa kwaya alinipita njiani bila kusimama, akasema tu, huku akitazama mbele: "Muende muone mujane wenu. Iko anavunja nyumba."

Tulikwenda mimi na mwenzangu, yeye akisukuma baiskeli. Upande wa pili wa ziwa, milima ya Kongo ilikuwa imeshapotea katika wingu jeusi kama moshi wa matairi, na upepo ulikuwa umesimama. Tulimkuta juu ya meza iliyowekwa juu ya meza nyingine, ana nyundo, anang'oa misumari. Nusu ya mabati ilikuwa chini, imepangwa vizuri na kuwekewa mawe. Ndani ya chumba cha kulala nilikiona kitanda chake, na juu ya kitanda mbingu. Majirani wawili watatu walikuwa wameegemea ua wakitazama.

"Wamefika na wenyewe!" mmoja akapaza sauti. "Mama, shuka, wapimaji wako wanataka kupima na meza!"

Hakushuka. Aliketi kwenye meza ya juu, akaanza kunyoosha msumari uliopinda kwa kuugonga polepole juu ya jiwe alilolishika mapajani.

"Mama," nikasema, "unafanya nini?"

"Naokoa bati yangu. Ile siku mashine inakuja, inavunja yote pamoja. Niliona kwa wengine. Bati inakuwa kama karatasi." Akagonga. "Ukuta watachukua. Bati hapana."

"Hakuna mashine inayokuja. Lile jiwe si kitu. Ni jiwe la zamani, liliwekwa kabla wewe hujaolewa. Tulilitafuta kwa mchezo, kwa kutembea tu. Ninakuapia mbele ya Mungu."

"Mulilipaka rangi juu ya nini?"

Mwenzangu alisogea mbele, akavua kofia yake. "Ni mimi, dada. Ni kazi yangu ya zamani. Mukono ulizoea."

"Nilipouliza, mulicheka."

Nilimwambia nitaenda sasa hivi kulikwangua jiwe chokaa yote kwa kisu. Yule jirani wa kwenye ua akacheka kwa nguvu. "Sasa anataka kuficha! Kwanza wanaonyesha, halafu wanaficha!" Na nikaelewa kwamba alikuwa na haki. Lolote nililofanya kwa jiwe lile, tangu siku nilipolifuta kwa leso, lingesomwa kuwa amri ya mtu fulani.

Mjane alimaliza msumari wake, akautia katika kopo pamoja na mingine, kisha akanitazama. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Mwalimu, wewe ulifundisha watoto wangu. Sisemi uko mwongo. Unasema jiwe si kitu?"

"Si kitu."

"Na nyumba ya chini ya jiwe iko salama?"

"Iko salama."

"Basi hamia. Wewe na mama. Mimi nitapanda kwako kule juu mpaka mvua ziishe. Kama jiwe si kitu, utakuwa umelala vizuri, na ziwa utaliona bure kupitia dirisha."

Majirani hawakucheka tena. Matone ya kwanza yaligonga mabati yaliyokuwa chini. Nilitaka kusema kwamba lazima nimuulize mke wangu kwanza, na ni kweli, ilikuwa lazima. Lakini nilijua jinsi jambo hilo lingesikika pale. Nikasema, "Nimekubali."

Mwenzangu, mwenye miaka sabini na kitu, alipanda juu ya zile meza mbili na kurudisha mabati huku mvua ikimchapa mgongoni. Mimi nilimpa misumari. Mjane alitupokeza mabati moja moja, akasema mara moja tu, kuhusu msumari: "Hiyo bado imepinda."

Mke wangu aliponisikia alichambua kwanza sinia nzima ya maharage. Kisha akasema, "Nilikimbia nchi hii nina mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Kushuka hadi ziwani siwezi kushindwa." Akaongeza: "Lakini simu yako hiyo, usiilete mezani."

Tulihama siku ya Jumamosi. Watu walisimama kando ya njia kutazama magodoro yetu yakipita, na nadhani kwa baadhi yao ilikuwa mara ya kwanza kusadiki maneno yetu, maana majuma mawili yaliyofuata benchi langu kanisani lilijaa tena, na wanawake wa Magara waliniuliza habari za sukari yangu. Mtu mmoja ambaye hakujitaja alilichukua jiwe la pili kwenye ngazi yetu, akalirudisha shimoni mwake. Nilimshukuru Mungu kwa kila moja ya mambo hayo. Mjane alichemshia sabuni yake uani kwangu na moshi wake ukaonekana kutoka chini. Nami nilikaa katika nyumba ile nikijifunza sauti zake. Maji hayapigi kelele yanapopanda. Yananyonya tu mchanga, kidogo kidogo, mchana kutwa, na asubuhi unakuta kijiti ulichokisimika jana kimezungukwa. Nyuma yangu lilikuwapo jiwe, jeupe bado, kwa maana hakuna aliyethubutu kuligusa.

Walikuja siku ya Jumanne, kama saa tano. Wanaume watatu na mwanamke mmoja, wenye buti, gari lao limeachwa barabarani. Walikuwa na mashine ya miguu mitatu na fito za rangi mbili. Waliniamkia kwa adabu sana. Mwanamke, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe bila kuuliza, akaweka kiganja juu yake.

"Mzee, nyinyi ndio mulilisafisha?"

"Sisi."

Alitoa simu yake akanionyesha. Ilikuwa picha niliyoipiga, na chini yake maneno yangu mwenyewe: Limepatikana. Mungu ashukuriwe.

"Murakoze cane, asante sana," alisema. "Katika vitabu vyetu mawe haya yalihesabiwa kuwa yamepotea. Tungechukua mwezi mzima kuyatafuta. Mumetusaidia sana."

Nilimwuliza wanapima nini. Alisema wanapima tu. Wanaoamua ni wengine, na yeye hajui wataamua nini wala lini. Niliona kwamba anasema kweli, na sikupata faraja. Walisimamisha mashine juu ya msalaba ule mdogo. Walitazama ziwa, wakaitiana namba kwa Kifaransa, na kabla ya adhuhuri walipigilia kigingi chenye kichwa chekundu hatua nne kupanda kutoka mlango wetu, nyumba yote ikabaki upande wa ziwa. Mmoja wao akafungua daftari akaniuliza nyumba ni ya nani. Nilimtaja mjane kwa jina lake lote. Niliongeza kwamba anayekaa humo ni mimi, na kwamba wakija na neno lolote, waje kwangu kwanza. Akaandika la kwanza. La pili sijui kama aliliandika.

Nilipanda juu kumwambia. Alikuwa anakata sabuni vipande kwa waya, juu ya ubao, chini ya paa la jiko langu. Alitazama viatu vyangu, akaona udongo.

"Wamefika?"

"Wamefika."

"Wamepimia kwenye jiwe?"

"Kwenye jiwe. Mama, nilikuapia, na kiapo changu hakikuwa na kitu ndani. Nisamehe."

Aliendelea kukata mpaka mwisho wa kipande. Kisha akafungua fundo la kitenge chake, akatoa ufunguo wa nyumba yangu, akaninyooshea. "Chukua. Uliapa kwa kutojua. Nyumba yangu ikivunjwa, nataka nikuwe ndani."

"Hapana," nikasema. "Tulipatana mpaka mvua ziishe. Na zikiisha, bado utakuwa hapa. Mke wangu ndiye aliyenituma kusema hivyo. Mimi nilikuwa sijafikiria."

Alishika ufunguo hewani kwa kitambo. Mkono wake ulikuwa mweupe kwa magadi. Hakunishukuru, na ingekuwa ajabu kama angenishukuru. Aliurudisha katika fundo, akalikaza kwa meno, akavuta ubao mwingine wa sabuni.

Hiyo ilikuwa kabla ya Pasaka. Mpaka leo hakuna aliyekuja na karatasi. Nukta zangu nne nilijaribu kuzifuta kwenye ramani. Mpwa wangu anasema zilishanakiliwa na wengine na haziwezi kufutika. Mwenzangu hapiti tena upande huu, anasema magoti yanamsumbua. Kila asubuhi ninahesabu hatua kutoka mlangoni hadi majini, nikisali, na hesabu haikai mahali pamoja. Mke wangu amefunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye kile kigingi chekundu, anaanikia nguo. Anasema kama kimekuja kukaa kwetu, nacho kifanye kazi.